Somo la Mageuko ya Viumbe: Je, Lasomeshwa Inavyostahiki?

Miongoni mwa masomo yanayosomeshwa katika skuli za sekondari, ni machache yanayowatia wazee wa Kiislamu wasiwasi kama fungu moja dogo la somo la biolojia, nalo ni fungu la mageuko ya viumbe. Mtoto hurejea nyumbani na daftari lake mkononi, akauliza: "Baba, mwalimu asema kuwa mtu ametokana na nyani. Nasi chuoni tumefunzwa kuwa baba yetu ni Nabii Adam, alayhis-salaam. Nishike lipi?" Hapo baba mmoja hughadhibika akamlaani mwalimu, wa pili hunyamaza, akajitia kama hakusikia, na wa tatu humwambia mwanawe: "Andika hayo katika mtihani upate alama zako, lakini usiyaamini."

Katika majibu haya matatu hapana hata moja linalomnufaisha mtoto. Na hilo la tatu, ambalo huonekana jepesi na la busara, huenda likawa ndilo lenye madhara zaidi, kwani lamzoeza kijana kuandika kwa mkono wake maneno ambayo ameambiwa ni ya uwongo, na kuona kuwa elimu ni kitu cha kukariri leo na kusahau kesho. Dini yetu haikumlea mtu awe na ndimi mbili.

Makusudio ya makala haya si kutoa fatwa juu ya kuumbwa kwa Nabii Adam; hilo lina masheikh wake. Twataka kuuliza swali jengine ambalo ni aghalabu kuulizwa na wazee: je, somo lenyewe lasomeshwa vizuri? Kwani mtu hawezi kulikubali jambo wala kulikataa kwa haki, ila baada ya kulifahamu. Na nyingi katika zile khabari zinazowatisha watoto wetu si maneno ya wataalamu hata kidogo. Ni makosa ya usomeshaji.

MAKOSA YALIYOZOELEKA

Katika skuli za Kenya chini ya utaratibu wa 8-4-4, na vile vile katika skuli za Tanzania, mageuko ya viumbe kwa miaka mingi yamewekwa katika Kidato cha Nne, yaani mwaka wa mwisho, wakati mtihani mkuu umeshabisha hodi. Mwalimu aliyebakiwa na wiki chache hukimbia: huandika ubaoni jina la Charles Darwin na mwaka wa 1859 alipotoa kitabu chake, akaorodhesha vichwa vya maneno, akasema, "Haya, nakilini." Ikiwa mwalimu mwenyewe hana raha na fungu hilo, ama kwa kuwa hakulisoma sawasawa au kwa kuchelea maneno ya wazazi, mbio huzidi. Hapo ndipo yanapozaliwa makosa, na makubwa ni haya:

Kosa la kwanza ni hilo la kusema mtu ametokana na nyani. Hakuna mtaalamu wa elimu hii asemaye kuwa nyani huyu anayetuharibia mahindi shambani ndiye babu wa mwanadamu. Wasemalo ni kuwa viumbe hivi vina asili ya pamoja ya zama za kale sana, kisha kila ukoo ukashika njia yake. Binamu yako hakukuzaa, wala wewe hukumzaa. Mnakutana kwa babu. Mtu anaweza kuikataa kauli hii, lakini naaikatae hiyo iliyosemwa, asikatae nyengine ambayo haikusemwa na yeyote.

Kosa la pili limo katika neno "nadharia". Katika Kiswahili chetu cha kila siku twasema nadharia na vitendo, tukakusudia kuwa nadharia ni maneno matupu yasiyotendwa. Basi mwanafunzi akisikia "nadharia ya mageuko", hudhani ni dhana ya mtu aliyekaa kivulini akawaza. Lakini katika sayansi nadharia ni maelezo mapana yanayokusanya ushahidi mwingi, yakajaribiwa mara kwa mara na kutoangushwa. Kusema kuwa maradhi ya kuambukiza huletwa na vijidudu ni nadharia pia. Wala hapana mama anayeacha kumchemshia mwanawe maji kwa sababu ya jina hilo.

Kosa la tatu ni kufikiri kwamba kiumbe hujigeuza kwa kutaka. Mtoto huambiwa kuwa twiga alirefuka shingo kwa kujinyoosha, na kuwa mbu "amejifunza" kuivumilia dawa. Sivyo. Mbu mmoja mmoja hajifunzi. Miongoni mwa mbu elfu huwamo wachache waliozaliwa na tofauti inayowawezesha kustahimili sumu. Wenzao hufa, wao huzaa, na kizazi kifuatacho hujaa watoto wao. Kinachogeuka ni kundi kwa kupita vizazi, si mnyama mmoja katika umri wake. Asiyelifahamu hili hajafahamu lolote katika somo zima.

Kosa la nne ni la mwalimu anayetumia dakika arubaini za biolojia kuwaambia watoto kuwa sayansi imethibitisha kutokuwako kwa Muumba. Hilo si sayansi. Ni itikadi yake aliyoivisha koti la maabara. Na mwenziwe wa upande wa pili, anayekifunga kitabu cha biolojia akatoa mawaidha mpaka kengele ikalia, naye pia hakutimiza kazi aliyoajiriwa.

YALIYOWAFIKA WENGINE

Nchi ambayo mas'ala haya yameteta kwa muda mrefu na kupimwa kwa hesabu ni Marekani. Mwaka 1925, katika mji mdogo wa Dayton, jimbo la Tennessee, mwalimu John Scopes alishitakiwa kwa kusomesha mageuko kinyume cha sheria ya jimbo, akatozwa faini ya dola 100. Hukumu hiyo ilitanguliwa mwaka 1927 kwa kasoro ya utaratibu, lakini sheria yenyewe ilidumu mpaka mwaka 1967. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha sheria kama hiyo ya jimbo la Arkansas. Baada ya hapo kesi zilifuatana, na mojawapo ni ile ya Dover, Pennsylvania, iliyokatwa mwaka 2005.

Mtu angedhani kwamba mahakama zikishakata shauri, mambo yamekwisha. Lakini wataalamu wawili, Michael Berkman na Eric Plutzer, waliwauliza waalimu wa biolojia 926 wa skuli za serikali, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Walikuta kuwa waalimu 28 tu katika kila 100 ndio waliolisomesha somo hili kwa ukamilifu. Kiasi cha 13 katika 100 walisomesha kinyume chake waziwazi. Na waliobaki, ambao ni kama 60 katika 100, walikuwa katikati: hawapingi wala hawasomeshi sawasawa. Baadhi yao walitaja mabadiliko madogo ya vijidudu tu, baadhi waliwaambia watoto kuwa hawana haja ya kuamini, wajue tu kwa ajili ya mtihani, na baadhi waliweka kauli zote mezani wakasema, "Kila mtu achague mwenyewe."

Tazama, ndugu msomaji! Kauli ile ya baba wa tatu tuliyemtaja mwanzo, kumbe huko ng'ambo yatoka kinywani mwa mwalimu mwenyewe. Na watafiti hao waliona jambo la faida kwetu: waalimu waliokuwa wamesoma kozi kamili ya mageuko katika chuo ndio waliosomesha kwa utulivu zaidi. Yaani sehemu kubwa ya khofu hiyo ni khofu ya mtu asiyejiamini katika elimu yake. Uchunguzi wa namna hiyo hiyo ulipofanywa tena mwaka 2019, hali ilikuwa imetengenea: wale waliosisitiza makubaliano ya wanasayansi bila ya kuchanganya na kitu chengine walipanda kutoka 51 hadi 67 katika kila 100.

Ama katika nchi za Kiislamu, Uturuki ni mfano wa kuzingatiwa. Katikati ya miaka ya 1980 wizara ya elimu ya nchi hiyo ilitia katika vitabu vya skuli hoja za kupinga mageuko, na hoja hizo zilichukuliwa kwa taasisi ya Wakristo wa Marekani. Baadaye, katika miaka ya 2006 na 2007, likatoka huko pande la kitabu lenye picha za rangi, Atlas of Creation, la mtu aliyejiita Harun Yahya, likapelekwa bure katika skuli na vyuo vya nchi nyingi. Miongoni mwa picha zilizowekwa kuonyesha kuwa wadudu hawakubadilika tangu zama za kale, ilikuwamo ya chambo cha kuvulia samaki, kilichotengenezwa kwa mkono mfano wa mdudu, na ndoana yake yaonekana! Mvuvi yeyote wa pwani yetu angeijua kwa kuitupia jicho mara moja. Kisha mwaka 2017 serikali ikatangaza kuliondoa fungu la mageuko katika biolojia ya sekondari na kuliachia chuo kikuu, kwa hoja kuwa linawapita vijana kimo.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, si kila hoja inayovikwa kilemba ni yetu. Nyengine zimeazimwa kwa watu wenye ugomvi wao wa kale na vitabu vyao. La pili, dini ya haki haihitaji kutetewa kwa picha ya ndoana. Mtoto akija kuugundua uwongo mmoja uliosemwa kwa jina la dini, huanza kuyatilia shaka na yale mengi yaliyo kweli.

SOMO LILILOKO MLANGONI PETU

Wengine husema kuwa somo hili ni gumu kwa sababu mifano yake ni ya mbali. Hao wamefungua vitabu vya kizungu wakasahau kufungua dirisha. Mifano mizuri kabisa iko hapa hapa Afrika Mashariki.

Chukua maradhi ya selimundu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alisafiri nchi hiyo mwaka 1949 akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kuwa jeni ya selimundu ni nyingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu kwa watu wa nyanda za juu. Kwa nini? Mwaka 1954 alitangaza jibu: mtu aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali, naye huishi kama watu wengine, lakini aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupatwa na maradhi. Basi penye mbu wengi jeni hiyo ilibaki, kwa kuwa iliwaokoa watoto wengi na mauti ya malaria. Na kwenye baridi pasipo mbu, haikuwa na faida ya kuibakisha. Huo ndio uteuzi asilia ambao kitabu huutaja kwa maneno makavu. Mwalimu akiueleza hivi, kila mtoto darasani ataufahamu, kwani hapana nyumba ya pwani isiyoijua homa ya malaria.

Na faida yake haiishii darasani. Wachumba wawili wakiwa wote wana jeni hiyo moja moja, basi kila mtoto watakayemzaa ana fungu moja katika manne la kuwa mgonjwa. Kijana aliyelifahamu somo hili atajua kwa nini kupima damu kabla ya nikaha ni jambo la akili, khasa katika koo ambazo maradhi hayo yameshaonekana. Aliyelikariri tu kwa ajili ya mtihani atalijua siku ya kumkimbiza mwanawe hospitali.

Mfano wa pili ni dawa ya klorokwini, ambayo wazee wanaikumbuka kwa uchungu wake. Ilitibu malaria kwa miaka mingi, kisha ikashindwa. Kenya ikaiacha kuwa dawa ya kwanza mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2001. Vimelea vya malaria havikupata akili. Waliodhurika na dawa walikufa, na walioistahimili wakazaana. Malawi waliiacha mapema zaidi, mwaka 1993. Ajabu ni kuwa madaktari walipoijaribu tena huko baada ya miaka kumi na zaidi, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006, ilitibu watoto 99 katika kila 100. Kwani dawa ilipoondoka, vimelea vilivyo dhaifu mbele yake vilirudi kutawala. Mwenye kuyajua haya hatakatiza dozi aliyopewa na daktari, wala hatanunua kidonge kimoja kimoja dukani.

Tunao furu wa Ziwa Victoria, zaidi ya spishi 500 ambazo hazipatikani penginepo, ilhali wachunguzi wa matope ya chini ya ziwa hilo waona kuwa lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Tunazo nyayo za Laetoli, zilizoachwa katika jivu la volkano kadiri ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Tunao mfupa wa fuvu uliookotwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, ukaitwa Zinjanthropus, kwa jina la Zinj ambalo Waarabu wa kale waliiita nchi yetu. Na mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mwana wa Kenya, aliuona Nariokotome, karibu na Ziwa Turkana, mwanzo wa mifupa ya kijana wa zama za kale, mmojawapo wa mikamilifu kabisa iliyopatikana duniani. Watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani kuja kuvitazama vitu hivi. Je, si aibu mtoto wa nchi hii asivijue, au avijue kwa kukariri majina tu?

WANAVYUONI WAMESEMAJE?

Waislamu hawakuanza leo kukutana na elimu za maumbile. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika utangulizi wa kitabu chake Tahafut al-Falasifa alilitaja jambo la kupatwa kwa jua na mwezi, ambalo limethibiti kwa hesabu. Akaonya kuwa mtu anayedhani kulipinga hilo ni kuitetea dini, huyo ndiye anayeidhuru. Na kuwa rafiki mjinga huidhuru dini kuliko adui anayeishambulia. Na Imamu huyo ndiye aliyewapinga wanafalsafa kwa ukali kuliko wote. Basi asemaye hayo si mtu wa kushukiwa ulegevu.

Mwanachuoni wa Tripoli ya Lebanon, Sheikh Husayn al-Jisr, mwaka 1888 aliandika juu ya mas'ala haya haya ya mageuko. Hakuona kuwa ushahidi wa siku zake umefika daraja ya yakini; lakini alisema kuwa likithibiti kwa hoja ya kukata, basi njia ya kuyafasiri maandiko ipo, na imani ya Muumba haitikisiki. Katika zama hizi wapo wanaolikataa jambo hili lote. Wapo wanaolikubali kwa wanyama na mimea, wakambagua Nabii Adam kwa kuwa khabari yake imekuja kwa wahyi. Na wapo wanaolikubali kwa upana zaidi. Rana Dajani, Mwislamu wa Jordan na mtaalamu wa biolojia, husomesha mageuko katika chuo kikuu cha nchi yake, na mwaka 2015 alieleza hadharani namna anavyowasaidia wanafunzi wake kuyafikiri. Na mwaka 2006 jumuiya za wanasayansi zaidi ya 60 za dunia zilitia saini tamko la kutaka somo hili lisomeshwe sawasawa. Miongoni mwao zilikuwamo za Iran, Indonesia, Pakistan na Uturuki.

Lakini tusivuke mpaka upande wa pili pia. Wako wanaojigamba kuwa al-Jahiz wa Basra alimtangulia Darwin kwa miaka elfu. Al-Jahiz aliandika mengi mazuri juu ya wanyama na jinsi wanavyowindana. Lakini kumpachika nadharia ambayo hakuisema ni kutomtendea haki. Heshima ya wazee wetu hailindwi kwa chumvi.

KILA MTU NA WAJIBU WAKE

Mizani ya sonara haipimi magunia ya karafuu, wala hilo si aibu kwa mizani. Sayansi hupima mambo yanayoonekana na kuguswa: vipi damu hii yatofautiana na ile, vipi kundi hili limegeuka. Haina kipimo cha kumpimia Aliyeumba, wala cha kusema mtu ameumbwa kwa lengo gani. Mwalimu wa biolojia akiujua mpaka huu, atasomesha ushahidi wote bila ya kupunguza, ataeleza kwa uaminifu wanasayansi wamekubaliana nini na wanajadiliana nini, wala hatamkejeli mtoto kwa dini yake. Mwalimu wa chuo akiujua mpaka huu, hatawatia watoto khofu ya kitabu ambacho yeye mwenyewe hajakisoma.

Na wewe mzazi, mwanao akija na swali lake, usimfukuze. Mwambie: "Nionyeshe kitabu, tukisome pamoja." Huenda ukaona kuwa lililomtisha silo lililoandikwa. Ikiwa limebaki lisilokuelea, mpelekeni kwa sheikh mwenye elimu na kwa mwalimu mwenye subira. Kuuliza si ujinga. Qurani katika Suratul Ankabut inatuamrisha twende katika ardhi tutazame jinsi uumbaji ulivyoanzishwa. Na atakayetazama sharti afumbue macho.

Nanyi vijana, msisome kwa ajili ya alama tu, wala msikubali wala kukataa kwa kufuata kelele. Umma huu unawahitaji madaktari watakaopambana na malaria, wachunguzi wa samaki na mimea, na waalimu watakaowasomesha wadogo zenu bila ya kigugumizi. Hao hawatoki katika watu walioandika wasichokifahamu. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atupe ukweli wa ulimi na utulivu wa moyo. Amin.